Wakati Tanganyika ilidhaniwa kuwa bahari

Wandugu, kila mwaka kuna mwanafunzi wa huku mashariki anayeuliza: ekolojia ya bahari nitaisomea wapi? Pwani yetu, kule Banana na Muanda, haifiki hata kilomita 50, na toka Uvira mpaka kule ni kuvuka nchi nzima. Swali ni la haki. Lakini kuna historia moja ya hapa kwetu ambayo hatufundishwi sana.

Mwaka 1858 Mwingereza Speke alifika kwenye Ziwa Tanganyika, akarudi na maganda ya konokono. Wataalamu wa Ulaya wakashangaa: mazito, mengine na miiba, kama ya bahari kabisa! Kisha 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona medusa ndani ya ziwa, kale kanyama laini kanakopita mwanga kama kioo. Wakati ule medusa ilihesabiwa kuwa mnyama wa bahari.

Ndipo akaja J. E. S. Moore, safari mbili, 1896 na 1899. Alilinganisha konokono wetu na mawe ya visukuku vya zamani za Jurasiki, akaona vinafanana. Katika kitabu chake cha 1903 akasema Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki kimefungwa katikati ya Afrika. Wazo zuri, tusimcheke. Alikuwa na ushahidi mkononi.

Wazo lile halikudumu. Medusa ilipatikana pia Victoria na katika mto Niger. Wanajiolojia nao wakaonyesha kwamba bonde lenyewe ni changa: ziwa lina miaka kama milioni 9 mpaka 12, na Jurasiki iliisha zaidi ya milioni 140 iliyopita. Hesabu haikubali.

Sasa, kwa nini maganda ni mazito? Jibu halikutoka kwa visukuku, lilitoka kwa kuangalia nani anakula nani. Ziwani kuna kaa wenye mikono ya kubana yenye nguvu sana, wanavunja konokono. Mwenye ganda jembamba analiwa, mwenye ganda nene anabaki na kuzaa. Baharini mambo ni yale yale, ndiyo maana sura zinafanana bila kuwa ndugu. Mimi mtu wa agronomia nilizoea udongo na mihogo, na nakubali hakuna somo la ekolojia lililonifungua macho kama hili.

Na si konokono tu. Upepo wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, unasukuma maji ya juu, virutubisho vya chini vinapanda, hasa upande wa kusini, na ndagala wanapata chakula. Pwani ya Namibia na ya Peru samaki wanalishwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2003 jarida Nature lilitoa utafiti uliosema joto linapunguza kuchanganyika kwa maji ya ziwa letu, na uzalishaji unashuka. Hiyo ni mboga ya Uvira, Baraka, Kalemie.

Daktari Mbelgiji Louis Stappers alizunguka ziwa kati ya 1911 na 1913. Mukeke wetu katika vitabu anaitwa Lates stappersii ju yake. Uvira kuna kituo cha utafiti wa haidrobiolojia. Anayetafuta kichwa cha TFC aanzie na ndoo, wavu mdogo na kipimajoto, pale mawe yanapoingia majini: ahesabu konokono waliovunjwa na kaa, halafu wazima.