Taniboi: jina lililobaki baada ya hendeli

Ukipita Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, karibu kila dereva ana msaidizi wake: taniboi. Umewahi kujiuliza neno hili lilitoka wapi?

Ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa: "turn", zungusha, na "boy", mvulana. Azungushe nini? Hendeli. Magari ya zamani hayakuwashwa kwa ufunguo. Mtu alisimama mbele, akachomeka hendeli na kuizungusha mpaka injini ishike. Ikirudi kinyume ghafla, iliweza kumvunja mkono. Stata ya umeme iliingia kwenye Cadillac za mwaka 1912, na polepole hendeli ikastaafu.

Kazi ikafa, jina likabaki. Leo taniboi anafunga turubai, anaweka jiwe chini ya tairi, analinda mzigo usiku.

Ila angalia lile "boi". Enzi za ukoloni, mtumishi Mwafrika aliitwa hivyo hata akiwa na wajukuu. Hausiboi limetoka hukohuko. Bahati nzuri tunalo neno jingine, utingo, ambalo halimgeuzi mtu mzima kuwa mtoto. Wewe unatumia lipi?