Utoto wa Machame katika Picha za Sam Ntiro

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika mwaka wa 1923, akafariki mwaka wa 1993. Alisomesha sanaa katika Chuo cha Makerere, akawa Balozi wa Tanganyika huko London tangu 1961 hata 1964, kisha akashika madaraka ya utamaduni katika serikali ya nchi yake. Pamoja na vyeo vyote hivyo, brashi yake haikuacha kurudi migombani.

Msafiri apandaye kutoka mjini Moshi huona Kibo na Mawenzi asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunika. Akiingia vihambani haoni mbali tena: ni migomba, mibuni, mfongo wa maji, na njia nyembamba ambayo wanawake huipanda na matita ya majani ya ng'ombe. Mtoto wa huko humtambua jirani kwa mwendo wake na kwa mzigo wake kabla hajauona uso. Hapana shaka ndiyo sababu watu wa Ntiro ni wadogo, sura zao hazikupambanuliwa, na bado kazi ya kila mmoja yajulikana mara moja.

Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Kwa mgeni, jambo hilo laweza kuwa geni tu. Mchagga ajua kwamba mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haikosekani katika mambo ya ndoa, na kwamba shughuli hiyo ni ya watu wazima. Mtoto hana sehemu yake ila kusimama kando na kutazama kimya. Hapo ndipo Ntiro alipomweka mtazamaji wake.

Wako waliomlaumu kwamba anachora kitoto. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere katika mwaka wa 1937, aliwataka wanafunzi wachore mambo waliyoyaona kwa macho ya moyo. Lakini baada yake Ntiro alisoma pia katika Chuo cha Slade, London, akajifunza kanuni za Kizungu za umbo na umbali. Aliporudi mtindo wake ulikuwa ule ule. Basi aliuchagua.

Mwenzake wa Makerere, mchongaji Gregory Maloba, aliuonyesha utoto waziwazi: katika Mnara wa Uhuru wa Kampala, wa mwaka 1962, mama amemwinua mtoto juu, watu wote wamwone. Kwa Ntiro mtoto hahitaji kuonekana. Yuko nje ya fremu, pembeni mwa njia, na wenye mbege wanapita.