Kituo cha Tunguu na Habari Iliyofichwa

Wengi wetu tusikiapo habari za safari za angani huwaza Marekani na Urusi tu, tukasahau kwamba Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na sehemu yake. Mwaka wa 1960 serikali za Uingereza na Marekani zilipatana kujenga kituo huko Tunguu, kisiwani Unguja, kiwe kimoja cha vituo 18 vilivyotandazwa ulimwenguni ili kukisikiliza chombo kilichomchukua mtu angani na kusema naye. Watu wengi wa Unguja walikishuku, wakidhani ni mahali pa silaha. Nacho kilifungwa mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi.

Tarehe 20 Februari, 1962, John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Katika mzunguko wa pili mitambo ya Cape Canaveral ilionyesha kwamba ngao ya kukinga joto ya chombo chake imelegea. Kama ndivyo, angeteketea wakati wa kurudi. Wakubwa walifanya nini? Walishauriana wao kwa wao. Meli iliyokuwa kituo katika Bahari ya Hindi ilimwagiza aiache swichi fulani imezimwa, wala hakuambiwa sababu. Vituo vingine vikamwuliza habari za swichi ile ile, hata akaanza kushuku. Mwishowe aliamriwa asizitupe roketi za kupunguzia mwendo, ili mikanda yake iishike ngao. Akafika salama, kumbe ngao ilikuwa imara, kosa lilikuwa la swichi. Lakini Glenn alisema wazi baadaye kwamba rubani hana budi kuambiwa hatari inayomkabili. Nami naona alisema haki, maana roho iliyokuwa rehani ilikuwa yake.

Na uokoaji je? Manowari zilimngoja baharini, na moja, Noa, ilimpakia baada ya dakika 20 hivi. Lakini kama roketi zile zingalikataa kuwaka, hapakuwa na chombo cha kumfuata juu. Hapa Chebunyo gari likikwama matopeni usiku, majirani hutoka kulisukuma. Angani hapana jirani, ila yule aliyewekwa tayari kabla ya safari.

Tarehe 16 Januari, 2003, chombo Columbia kiliporuka, kipande cha povu gumu lililofunika tangi la mafuta kilibanduka kikapiga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba chombo kipigwe picha kikiwa angani, wakubwa hawakukubali. Wanaanga wenyewe waliambiwa hapana la kuogopa. Tarehe 1 Februari wote 7 walikufa. Tume iliyochunguza haikulaumu povu peke yake, bali na desturi za uongozi. Tena ilionyesha kwamba Atlantis, iliyokuwa ikitayarishwa kwa safari nyingine, pengine ingaliweza kuharakishwa kuwafuata, lau hatari ingalitambuliwa mapema.

Mei 2009, Atlantis ilipokwenda kuitengeneza darubini ya Hubble, Endeavour ilisimama tayari katika uwanja wa pili wa kurushia.