Kabla ya Kishikwambi Kulikuwa na Ba Be Bi Bo Bu

Wasee, kuna neno moja ambalo likitajwa siku hizi kwenye mjadala wa elimu, watu wanakunja uso: kukariri. Sema tu kwamba mtoto akae chini, aonyeshwe herufi, azirudie mpaka zikae kichwani, utaambiwa unaturudisha enzi za 8-4-4. Mtoto wa sasa anatakiwa agundue mambo mwenyewe, na mwalimu asimame kando. Mimi sikubali, na sababu zangu nimezitoa kwenye historia ya hapa hapa Kenya.

Tuanze 1957, Kenya ikiwa bado koloni. Wizara ya Elimu inafungua kituo maalum Nairobi, na hapo unazaliwa mpango ulioitwa New Primary Approach, kwa ufupi NPA. Ulianzia shule za Wahindi jijini, ambako watoto wengi waliongea Kigujarati au Kipunjabi nyumbani, kisha ukaingia shule za Waafrika. Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Watoto wanaketi kwa vikundi, wanaongea, wanashika vitu, wanafanya shughuli. Si unasikia CBC kabisa? Babu zetu walishapitia hizi stori.

Na mwanzoni ulienda vizuri. Madarasa yalikuwa machache, walimu walipewa mafunzo, vitabu vilikuwepo, na kulikuwa na mtu wa kuja kuona mwalimu amekwama wapi. Halafu uhuru ukaja. Tume ya Ominde ikaunga mkono Kiingereza mwaka 1964, wazazi wakautaka huo mpango, ukaenea kwa kasi kuliko walimu walivyoweza kufunzwa. Vikundi vilibaki. Kile kilichokuwa kinavibeba, yaani mwalimu anayejua leo anafundisha nini na kesho nini, kikapungua. Kufikia 1976 Kamati ya Gachathi ilikuwa inapendekeza madarasa ya chini yarudi kwa lugha ya eneo la shule.

Ruka sasa hadi Januari 2003. Serikali ya Kibaki inafuta karo ya msingi na watoto zaidi ya milioni moja wanamiminika shuleni. Mwaka uliofuata hata Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa kaptula na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Alichotaka hakikuwa ubunifu wala fikra tunduizi. Alitaka kusoma Biblia yake mwenyewe.

Lakini kujaa darasani si kusoma. Kuanzia 2009 watu wa Uwezo walifanya kitu rahisi sana: badala ya kwenda shuleni, walituma wajitolea majumbani wakiwa na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka baada ya mwaka majibu yalikuwa yale yale. Kwa watoto wa darasa la tatu, kama watatu tu kati ya kumi ndio waliweza kazi ya darasa la pili. Hebu fikiria wale saba wengine wanaambiwa "fanyeni utafiti". Utafiti wa nini, na mtoto hajui kusoma swali?

Hapa ndipo stori inanoga. Mwaka 2013 siasa yote ilikuwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ahadi ambayo baadaye iligeuka kuwa vishikwambi. Wakati huo huo kulikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, ambao haukuimbwa kwenye mkutano wowote wa kampeni. Kila mtoto kitabu chake, kila mwalimu mwongozo wenye somo la leo hatua kwa hatua: sauti hii, silabi hizi, maneno haya. Mwalimu anasoma, wanasoma pamoja, kisha mtoto anasoma peke yake. Kule Kisumu wakajaribu na vifaa vya kidijitali: shule zingine vya walimu, zingine vya wanafunzi wenyewe. Shule hizo zilipita zile ambazo hazikupata chochote. Lakini zikilinganishwa na zilizopata vitabu na miongozo bila vifaa, tofauti ya maana haikuonekana. Kifaa kiligharimu zaidi, ba be bi bo bu ikafanya kazi.

Kutoka hapo ikaja Tusome, 2015, kwa pesa za wafadhili, katika shule za umma zaidi ya 20,000. Watoto wasioweza kusoma hata neno walipungua. Najua mtu atasema mwongozo wa aina hiyo unamfanya mwalimu roboti. Sawa, lakini rubani pia ana orodha yake na hakuna abiria anayelalamika.

Ukweli lazima usemwe: enzi za kale mafundisho ya moja kwa moja yalitembea na kiboko, ambacho kilipigwa marufuku 2001, na sikitamani kirudi. Kiboko hakikuwahi kumfundisha mtu kusoma. Wanaochanganya hivyo viwili wanaturusha nje na maji ya kuogea.

Kinachoniuma ni hiki. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa gredi ya nne alipotengeneza sanamu ya kufukuza ndege, safi kabisa, yenye kofia na shati la babake. Maagizo alisomewa na mamake kutoka kwenye simu, kwa sababu yeye alikuwa anakwama kila neno lenye "ng'" au "nyw". Mtaa huo huo, wenye pesa wanamlipa mwalimu wa jioni. Na huyo mwalimu anafanya nini? Anakaa na mtoto, anamwonyesha, anamrudishia, anamsahihisha. Hao hao wanaosema mtoto agundue mwenyewe wananunua kuambiwa kwa saa.

Una mdogo wako hapo nyumbani? Leo usiku tafuta kitabu cha darasa la pili, fungua hadithi yoyote, mpe asome kwa sauti. Usimsaidie. Akimaliza, muulize nani alifanya nini. Akikwama, weka simu kando na uanze na herufi aliyokwama nayo.