Kampuni ya Bima ya Maisha Inapokataa Kulipa Baada ya Kifo



Tunaulizwa mara kwa mara: marehemu alikuwa akikatwa bima ya maisha kwenye mshahara, kampuni imekataa kulipa. Je, ina haki hiyo? Na zikilipwa, ni halali?

Ama hukumu, Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah iliamua mwaka 1985 kuwa bima ya kibiashara yenye mchango maalumu ni haramu kwa gharar kubwa iliyomo, na ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana (takaful).

Ama kukataa kulipa, sababu zinazojulikana katika mikataba ni hizi:

1. Kuficha maradhi. Aliyeulizwa kuhusu sukari au presha akajibu kuwa hana, mkataba wake waweza kuvunjwa, hata kama maradhi hayo siyo yaliyomuua.
2. Michango kusimama. Hupewa muhula, aghlabu siku 30, kisha bima hufa.
3. Kujiua ndani ya muda wa mwanzo uliotajwa, mara nyingi mwaka mmoja au miwili.
4. Kifo kilichotolewa nje ya mkataba, kama cha vitani au katika uhalifu.
5. Mnufaika kumuua mwenye bima. Hapa kanuni za bima zinakutana na Sharia: muuaji harithi.

Kukosekana kwa cheti cha kifo ni jambo jengine. Hilo huchelewesha malipo, wala haliondoshi haki. Sisi watu wa visiwani tunalijua vyema tangu kuzama kwa MV Spice Islander mwezi wa Septemba 2011: maiti isipoonekana, warithi huenda wakahitaji mahakama ithibitishe kifo.

Mjane au watoto wakikataliwa, wasirudi nyumbani na jibu la mdomo. Watake barua inayotaja kifungu cha mkataba, na nakala ya fomu aliyoijaza marehemu, kwani huenda fomu ilijazwa na wakala. Kisha wapeleke malalamiko kwa kampuni, na wasiporidhika, kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo inasimamia bima Zanzibar pia.

Zikilipwa na kampuni ya kibiashara, baadhi ya wanachuoni wamesema warithi wachukue kiasi alichochangia marehemu, na kilichozidi kitolewe katika mambo ya kheri. Kilicho halali huingia katika tirka: hulipwa madeni, kisha wasia, kisha hugawiwa kila mrithi fungu lake (Suratun-Nisaa: 11-12). Mnufaika aliyeandikwa jina asidhani kuwa zote ni zake. Awaulize Mashekhe kabla ya kuzigusa.

Tunawanasihi akina baba: msiseme uongo katika fomu. Dhambi ni yenu, na hasara wataipata mayatima.

Wa-Allaahu A'lam.