Wazigua waliorudi na jina la ukimbizi

Ukitembelea Bagamoyo utaonyeshwa Caravan Serai na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi pale mwaka 1868 na kuwakomboa watumwa kwa kuwanunua. Utaambiwa pia habari za waliopakiwa majahazini wasirudi tena. Ni kweli, wengi hawakurudi. Lakini wapo wajukuu wa watu wa mrima huu waliorudi, tena juzi juzi tu, miaka ya 1990. Na waliporudi, sheria yetu iliwaita wakimbizi.

Nawazungumzia Wazigua wa Somalia. Ndugu yangu unayetaka kuchunguza sheria za wakimbizi, iwe kwa ajili ya makala au tasnifu, sijaona mfano unaofundisha zaidi ya huu.

Kwanza historia. Wazigua wako Handeni, wako Miono, wako mpaka Saadani. Miaka ya 1830 nchi yao ilipigwa na ukame na njaa kali. Simulizi zao zinasema wengi walirubuniwa kwamba wanapelekwa ng'ambo kwenye kazi na chakula, kumbe wameshauzwa. Wakafikishwa pwani ya Somalia kulima mashamba ya watu. Baadaye wakatoroka, wakajificha kwenye misitu ya bonde la mto Juba, wakaanzisha vijiji vyao. Wanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Zaidi ya miaka 150!

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Wakulima wale, wasio na bunduki wala ukoo wa kuwalinda, wakawa mawindo ya wanamgambo waliotaka chakula chao na ardhi yao. Wengi walikimbilia Kenya kwa miguu. Wachache walipanda vyombo vya baharini wakaja Tanga.

Sasa fungua sheria. Hapa ndipo wengi tunapopotea, maana waandishi tunapenda njia ya mkato. Mtu anasoma Mkataba wa Geneva wa 1951, anakuta mkimbizi ni mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au siasa zake, anakuta Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, basi anaandika kwamba hiyo ndiyo sheria iliyowapokea. Sivyo. Kwetu mkataba wa kimataifa haugeuki kuwa sheria ya nchi mpaka Bunge litunge sheria. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mtu huyu alivuka mpaka siku gani, na siku hiyo ni sheria ipi iliyokuwa ikitumika?

Kwa waliofika Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1990 jibu ni Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965. Tazama hilo neno kudhibiti. Sheria ile haikuulizia hofu ya mtu. Ilimpa waziri uwezo wa kutangaza kundi fulani kuwa wakimbizi, kuwaamuru wakae mahali maalumu, hata kuamua hatima ya mifugo waliyokuja nayo. Kwa hiyo anayechunguza kipindi kile asiishie kwenye vifungu. Atafute amri za waziri kwenye Gazeti la Serikali, kisha asome Hansard ajue wabunge walihofia nini. Hizi huzipati zote kwenye intaneti. Refworld na TanzLII zinasaidia, lakini kuna siku lazima uende Nyaraka za Taifa ukafukue makaratasi.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ndiyo iliyoingiza tafsiri ya Geneva, pamoja na ile pana ya Mkataba wa OAU wa 1969, inayomtambua hata anayekimbia vita. Kufikia wakati huo Wazigua hawa walikuwa wameshakaa miaka kadhaa kambini Mkuyu, Handeni, katikati ya watu wanaosalimiana nao kwa lugha moja. Mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, humo humo Handeni.

Na wale waliokwenda Kenya je? Hao ndio wanaoniuma. UNHCR iliiomba Tanzania iwapokee. Lakini mwaka 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walikuwa wamemiminika Ngara, na serikali ikaona mzigo umezidi. Msumbiji nayo haikufika popote. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua, na kuanzia 2003 Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, Wazigua wakiwamo, wakaanza kusafirishwa kwenda kuishi kwenye theluji. Bonde moja la Juba, vita ile ile. Aliyepata nafasi kwenye chombo cha Tanga alikaribia kijiji cha babu yake, aliyetembea kwenda Dadaab akaishia Maine. Hakuna kifungu popote kilichouliza asili yao, wala sidhani wanasheria waliotunga mikataba ile waliwahi kumfikiria mkimbizi anayekimbilia kwao.

Mlango wa mwisho ulikuwa Sheria ya Uraia ya 1995, na zaidi ya watu 1,000 wa Chogo walipata uraia kupitia humo. Si kwa kurejeshewa. Waliomba uraia wa tajinisi, kama anavyoomba mgeni mwingine yeyote: miaka ya kuishi nchini ihesabiwe, tabia njema ithibitishwe, na lugha. Sheria inataka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza. Kizigua, ambacho mababu zao walikibeba kutoka huku huku, hakihesabiwi.