Nyimbo za Wakulima wa Armenia na Safari Yake Hadi Kwenye Bendi

Kila ifikapo tarehe 24 Aprili, Waarmenia popote walipo huwakumbuka wahanga wao wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1915, na miongoni mwa majina yatajwayo siku hiyo ni la Komitas Vardapet, padri na mtaalamu wa lahani, ambaye ndiye aliyezihifadhi nyimbo zilizozaa Armenian Dances za mtunzi Alfred Reed, muziki upigwao leo na bendi za vyuo na za mashule kutoka Marekani hadi Japani.

Komitas alizaliwa mwaka 1869 mjini Kütahya, katika dola ya Uthmaniya. Akawa yatima angali mdogo, na mwaka 1881 akapelekwa Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa lao, akiwa hajui Kiarmenia, ila sauti yake ikamfungulia mlango wa seminari. Baada ya kusoma Berlin alirejea, akaendelea kuzunguka vijijini akinakili nyimbo za wenye kulima, za arusi na za maombolezo, hata zikapita 3,000 kwa hesabu itajwayo, na zilizosalimika ni kama 1,200.

Lakini lipasalo kuelezwa kwa urefu ni ugomvi wake na wakuu wa kanisa. Baadhi ya mapadri waliona ni fedheha kwa mtu aliyevaa joho la utawa kujishughulisha na nyimbo za mapenzi za wanavijiji. Na alipohamia Istanbul mwaka 1910, akaunda kwaya ya Gusan, yenye waimbaji wapatao 300, akazitoa nyimbo za ibada hadharani katika kumbi za tamasha, wakubwa wa dini walimpinga kwa ukali, wakidai kwamba kilicho kitakatifu kimeshushwa hadhi. Komitas hakurudi nyuma, kwa kuwa aliitakidi kwamba wimbo wa shambani na wimbo wa madhabahuni ni ndugu wa tumbo moja. Na katika hilo, kwa maoni yangu, yeye ndiye aliyekuwa na haki, maana kama angaliwatii, nyimbo nyingi za wakulima zingalikufa pamoja na waimbaji wake.

Mwaka 1915, mauaji hayo yalipoanza, alikamatwa, akahamishwa, kisha akarudishwa akili yake ikiwa imevurugika kwa aliyoyaona, naye akafa Paris mwaka 1935.

Nyimbo alizoziacha ndizo Reed alizozitumia baadaye katika Armenian Dances. Harry Begian, Mmarekani wa asili ya Kiarmenia aliyeongoza bendi ya Chuo Kikuu cha Illinois, ndiye aliyetunukiwa kazi hiyo ya Reed, na bendi yake ikaipiga sehemu ya kwanza kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1973. Humo mna nyimbo tano, ukiwamo wa mti wa aprikoti, wa kwale, na wa mlima Alagyaz. Sehemu ya pili, iliyofuata baada ya miaka michache, huishia kwa Lorva Horovel, wimbo wa mkulima alimaye kwa jembe la kukokotwa, ambao Reed aliukuza kwa tarumbeta, zumari na ngoma bila ya kuuondolea uzito wa jasho lake.

Bendi nyingi huusoma muziki huu kwa bidii ya vidole, na wasikilizaji huondoka wakilisifu jina la Reed peke yake. Hiyo si haki. Enyi viongozi wa bendi, kabla hamjainua fimbo zenu, mtajieni hadhira jina la Komitas, na muwaeleze kwamba nyingi ya nyimbo hizi aliziokota vijijini, kutoka vinywani mwa wakulima.